Usiku Niliolala Mbudya na Stori ya Staa Ambayo Sikuiposti

Najua mmezoea nikija hapa nakuja na ubuyu wa moto, nani kaachana na nani, nani kahongwa gari na nani. Leo ubuyu upo, ila jina sitaji. Nawaambia mapema kabisa, msianze kubahatisha kwenye komenti maana nitazifuta zote. Kuna vitu nimevibadilisha makusudi ili msimjue huyo mtu. Someni mpaka mwisho ndipo mtaelewa kwa nini.

Kwa wale wageni, mimi ni mtoto wa Terrat. Siyo Terrat ya Simanjiro, hii ya kwetu ni ndani ya Jiji la Arusha, huku upande wa Muriet, kwenye vumbi letu. Asubuhi ikiwa hakuna wingu Mlima Meru unauona wote kama umewekwa mezani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, nikaingia mlimani. Misimu minne nimekuwa mgumu Kilimanjaro. Mgumu ni mpagazi, yule mnayemwona kwenye picha za wageni ana mzigo kichwani na mwingine mgongoni. Kwa utaratibu wa hifadhi mzigo wa mgeni hautakiwi kuzidi kilo 20, na mara nyingi mzigo wangu mimi ulikuwa mahema.

Hema nalijua jamani. Nimepiga hema kwenye mvua, kwenye upepo, nimepiga usiku kwa tochi ya mdomoni vidole vimekufa ganzi. Mgeni anafika kambini anakuta chumba chake kimesimama, maji ya moto yapo. Sisi wagumu tunajibana wengi kwenye hema moja miguu ya huyu kwenye mbavu za yule, na asubuhi tunaamka kabla yao. Halafu corona ikaja mwaka 2020, wageni wakakata, nikarudi nyumbani na simu yangu. Blogu hii ilianza hapo.

Sasa tuje kwenye stori. Kuna kipindi niliitwa Dar kwenye usaili wa kazi. Nauli sikuwa nayo. Mama akaenda kwenye kikoba chao akakopa elfu themanini, akanipa mkononi, akaniombea. Basi likanishusha stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, mchizi wangu niliyesoma naye akanipokea, nikaenda kulala kwake Tegeta. Usaili ulikuwa Ijumaa. Tuliingia kumi na kitu, mimi nilitoka baada ya dakika tano. Ukitoka baada ya dakika tano wewe mwenyewe unajua.

Jioni mama akapiga. Nikamwambia usaili umesogezwa mpaka Jumatatu.

Nilimdanganya. Sababu ni moja tu, mchizi wangu alikuwa na bethidei na washkaji zake walipanga kwenda kulala Mbudya Jumamosi, na mimi nilitaka kwenda. Mchango ulikuwa elfu hamsini kila mtu. Mnajua ilitoka wapi.

Kwa mtu wa bara ambaye hajui, Mbudya ni kisiwa kidogo mbele ya Kunduchi, hapo hapo Dar. Unashuka daladala Mtongani barabara ya Bagamoyo, bodaboda mpaka ufukweni, unapanda boti, hata wimbo wa tatu haujaisha kwenye simu umeshafika. Hakuna mtu anayeishi pale zaidi ya walinzi na wahudumu. Ni eneo tengefu la bahari, lilitangazwa mwaka 1975 pamoja na wenzake Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na anayesimamia ni Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Unalipa kiingilio, na ukitaka kulala unalipia kulala. Yaani ndani ya jiji lenye foleni kama ile ya Mwenge kuna kisiwa ambacho samaki wake wanalindwa na sheria. Sisi Arusha tunajisifia hifadhi, kumbe wenzetu wanayo wanaiona kutoka dirishani.

Tulikuwa watano, mahema mawili madogo ya kuazima, maji ya kunywa lita ishirini, mkaa, spika. Tukafika kama saa nne asubuhi, maji yametoka, ufukwe mpana mweupe mpaka macho yanauma. Mimi nilikuwa kama mtoto. Niliingia baharini na soksi.

Saa tano hivi ikaja boti nyingine. Akashuka yeye.

Sitasema anafanya nini, anaimba au anaigiza au anauza nywele. Jua tu kwamba wewe unamfuata, na kama humfuati basi dada yako anamfuata. Alikuja na mpiga picha na msichana mmoja wa kumshikia vitu. Wakatoa hema jipya kabisa, bado lina lebo, wakaanza kuhangaika nalo. Nguzo wanaziingiza kinyume, hema linasimama kama mbuzi mgonjwa. Nikavumilia dakika kumi nikashindwa. Ukishakuwa mgumu huwezi kuangalia mtu anapiga hema vibaya, ni kama fundi cherehani kuona mtu amevaa koti la ndani nje.

"Samahani dada, naomba nikusaidie."

"Kaka, unaijua hii kitu?"

Nikamwambia naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Akacheka. Mpiga picha akasema wanalitaka karibu na maji ili bahari ionekane yote nyuma. Nikalipiga pale pale, dakika nane, kamba zimekaza, safi.

Mlinzi mmoja mzee alikuwa amekaa chini ya kibanda cha makuti anatuangalia. Akaja pole pole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hapo maji yanafika."

Mimi kwa kiburi changu nikamjibu, "Mzee usiwe na wasiwasi, mimi nimepiga hema Barafu kule Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600."

Akanitazama. "Huko kuna bahari?"

Washkaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akarudi zake kwenye kivuli, hakuongeza neno.

Ilipofika saa tisa alasiri nilikuwa nakula samaki wa kukaanga na chipsi, nikasikia kelele. Maji yamefika. Tena hayakuja kwa mawimbi ya kutisha kama kwenye sinema, yamekuja kimya kimya kama mwenye nyumba anayefuata kodi. Mkeka wa dada unaelea. Mto unaelea. Nikakimbia, tukalibeba hema zima zima watu wanne, tukalipandisha juu kabisa kwenye miti. Kufika saa kumi, pale nilipokuwa nimelipiga maji yalikuwa yanapita kiuno.

Mzee akaja akatupa darasa, tena bila kunicheka. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama bahari inakuja bamvua, inajaa sana na kukauka sana. Katikati hapo kuna siku za maji mafu, inasogea kidogo tu. Na pwani ya Dar siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, yanakauka kwenye saa nne. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu. Mimi nilifika saa nne nikaona ufukwe mpana nikadhani ndiyo ukubwa wake.

Dada staa alilowa mpaka magoti lakini hakukasirika. Akasema, "Kaka wa Kilimanjaro, leo umepatikana." Nikampenda kwa hilo, kusema kweli.

Wakapiga picha zao. Yeye amekaa mlangoni mwa hema na kikombe. Yeye amejifunika blanketi. Yeye ameshika taa ambayo haijawashwa. Kabla jua halijazama, kama saa kumi na mbili kasoro, wakaanza kukusanya vitu. Akaniita.

"Hema laleni humo, mimi nalifuata asubuhi."

"Kwani dada hulali?"

"Hapana." Akapanda boti, akaondoka. Mimi nikampiga picha kwa nyuma, boti inaelekea Kunduchi, yeye amejifunika kitenge. Kwa nini nilipiga? Kazi yangu mnaijua.

Jua la Mbudya linazama upande wa jiji. Unakaa kwenye mchanga unatazama Kunduchi na Mbezi Beach zinageuka nyeusi, halafu taa zinaanza kuwaka moja moja mpaka pwani nzima inang'aa. Muziki wa ng'ambo unausikia kwa mbali upepo ukigeuka. Mwezi unatokea nyuma yako, upande wa bahari kuu. Saa nne usiku maji yalikuwa yametoka tena na mzee akatupitia na tochi, akatupeleka nyuma ya vichaka kutuonyesha kaa. Siyo kaa unaowajua. Hawa wanapanda miti na wanakula nazi, hakuna aina nyingine ya kaa wa nchi kavu duniani inayofikia ukubwa wao. Yule tuliyemwona miguu yake ilinizidi upana wa sinia la pilau. Mzee akasema msimguse, wanalindwa, na kidole chako utakiacha hapa. Hakuna aliyemgusa.

Tulivyorudi kwenye moto mchizi wangu akafungua simu, maana mtandao wa mjini unafika pale ukikaa sehemu nzuri. Akapiga kelele. Dada kaposti. Picha ya kikombe, hema nyuma, na maneno kwamba usiku huu ni yeye, bahari na nyota, simu anazima mpaka asubuhi. Maelfu ya mioyo. Watu wanamuuliza haogopi?

Sote tulikuwa tumekaa mbele ya hilo hema. Ndani yake kulikuwa na begi langu na soksi mbichi.

Mchizi akaniambia, "Wewe umeokota dodo chini ya mnazi. Posti ile picha ya boti." Na wengine wakashangilia. Nikaandika. Nilikuwa na kichwa cha habari kitamu sana, kile cha kumaliza mtu. Nilikuwa na picha ya boti, picha ya hema tupu, na saa iko pale kwenye simu. Naijua blogu hii, ile ingenipa wasomaji ambao sijawahi kuwapata tangu nianze. Labda na matangazo. Labda na elfu themanini ya mama.

Sitajifanya mtakatifu. Sikuiposti kwa sababu simu yangu ilibaki na chaji asilimia nne na chaja ya kubeba ilikuwa imeliwa na spika. Bonyeza ya kwanza ikazunguka, mtandao ukakata, simu ikazima. Nikasema kesho.

Nikaingia kulala kwenye hema la dada, peke yangu. Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza maishani nalala kwenye hema kama mgeni. Nafasi ya kunyoosha miguu yote. Nikashindwa kulala. Kila nikisinzia nasikia kama mtu ananiita, maji ya moto, maji ya moto. Mwili ulikuwa hauamini. Alfajiri saa kumi nikasikia bahari imerudi, nikatoka kuangalia, iko pale pale mzee alipoonyesha, haijavuka hata hatua. Yeye alikuwa macho na tochi yake. Akaniuliza, "Umelala?" Nikasema kidogo. Akasema, "Ndiyo hivyo, kulala nje kuna wenyewe."

Saa moja asubuhi boti ya dada ikafika. Ameshuka na nguo za kulala ndani ya koti. Nikaelewa, kaja kupiga picha ya kuamka. Roho yangu mbaya ikanipanda.

"Dada, umeamkaje? Nyota zilikuwaje?"

Akanitazama, akajua kwamba najua. Nilitegemea atanitukana au atatoa hela. Alikaa chini kwenye mchanga, akamwambia mpiga picha aende akanywe chai.

"Wewe Desemba 2011 ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa shule ya msingi, Arusha.

Yeye alikuwa bonde la Mto Msimbazi. Mama yake alikuwa amepanga chumba kule. Mnakumbuka yale mafuriko, watu walikufa, familia zikalala madarasani, halafu serikali ikawahamishia Mabwepande, kule pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Walipofika nyumba hazikuwepo. Yalikuwepo mahema.

Akasema, "Kaka, hema mchana wa Januari Dar unalijua joto lake? Mama alikuwa anatutoa tunakaa kwenye kivuli cha nje. Na usiku mvua ikianza, ile sauti ya mvua kwenye turubai, mimi najua maji yanakuja tu. Nakaa macho mpaka asubuhi. Mpaka leo. Nimejaribu kulala kwenye hili hema sebuleni kwangu, siwezi."

Nikamuuliza sasa kwa nini anafanya. Akasema duka lililompa hema linamlipa kwa picha, na hela hiyo inaingia kwenye nyumba ya mama yake, matofali. Nikamwambia lakini dada umewadanganya watu. Akasema, "Ndiyo. Nimewadanganya." Hakujitetea. Akaongeza, "Ningeandika nimelala kwenye hema nikiwa mtoto, nani angenipa mioyo? Watu wanataka nyota."

Jana yake, bahari ilipochukua mkeka wake, mimi nilikuwa nacheka. Sasa nikakumbuka kwamba yeye kwanza hakucheka. Kwanza alisimama tu ameshika kikombe, anayatazama maji. Ule utani ulikuja baadaye.

Nilimpigia picha ya kuamka mimi mwenyewe, maana mpiga picha alikuwa bado anakunywa chai. Halafu nikalikunja hema, nikalitoa mchanga, nikalirudisha kwenye mfuko wake vizuri kama la mgeni. Akataka kunilipa nikakataa, halafu akaniwekea elfu ishirini kwenye mfuko wa begi, nikaikuta Tegeta. Wiki kadhaa baadaye nilimwandikia kumwomba kama naweza kusimulia. Akajibu, andika, ila mimi nisiwepo.

Rudini sasa Terrat. Nilifika Jumanne usiku. Mama amekaa nje anachambua maharage, ananingojea habari za usaili wa Jumatatu. Njia nzima kwenye basi nilikuwa natunga maswali ambayo ningesema niliulizwa. Nilipomwona sikuweza. Nikamwambia yote, Ijumaa, dakika tano, elfu hamsini, kisiwa.

Hakugomba. Kilichomshangaza ni kitu kimoja.

"Subiri kwanza. Umelipa hela ili ukalale nje?"

"Ndiyo mama."

"Kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Baba yako mwaka 2009, ule ukame, alilala nje miezi na ng'ombe huko Simanjiro anatafuta majani. Alirudi na ng'ombe wanne na kifua. Hakuna siku aliwahi kusema ilikuwa nzuri." Akachambua kidogo, akauliza, "Kwani bahari usiku ikoje?"

Nikamweleza. Mwezi, taa za ng'ambo, kaa anayepanda mti. Alisikiliza yote mpaka maharage yakaisha. Kisha akasema deni la kikoba ni la kwangu sasa, siyo la kwake, na nitalipa kila Jumapili mbele ya wenzake, mwenyewe, nikiwa nimevaa shati. Mpaka naandika hapa nimebakiza elfu thelathini. Wale kina mama wananiita Mbudya.

Ile picha ya boti nimeifuta. Simlaumu anayelala kisiwani kwa raha, mimi mwenyewe nitarudi, na safari hii kwa hela yangu. Ila sasa nikiona mtu kaposti hema, sikimbilii tena kuhesabu uongo. Mgumu, mtoto wa Msimbazi na baba yangu, wote wamelala chini ya turubai au chini ya nyota na hakuna aliyekuwa anaangalia nyota. Hema linakuwa tamu pale tu kesho yake una mlango wa kufungua.

Kwa mnaotaka kwenda, muhimu ni haya. Bebeni maji yenu ya kunywa ya kutosha. Takataka zote rudini nazo mjini, na mifuko ya plastiki msiende nayo, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Konokono na matumbawe yaacheni yalipo. Tazameni mwezi kabla hamjachagua pa kupiga hema. Na mlinzi mzee akikwambia hapo maji yanafika, hata kama umefika Uhuru mara kumi, wewe hamisha.

Haya, komenti ziko wazi. Jina msiulize. Niambieni tu, wewe mara ya kwanza kulala nje ilikuwa wapi, na ulikuwa umelipa au ulikuwa huna pa kwenda?